Nani Alilipia Ngoma: Fedha na Uongozi wa Wapiga Ngoma wa Gitega

Ngoma ya Burundi huchongwa kwa gogo la umuvugangoma, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Cordia africana. Gogo hutobolewa ndani, likafunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ikakazwa kwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo. Ngoma moja iliyokamilika ni mzigo wa kutosha kichwa cha kijana mwenye nguvu. Kikundi hakipigi ngoma moja tu. Huhitaji kumi na zaidi, zikipangwa nusu duara kuizunguka ile ya katikati. Kabla ya mdundo wa kwanza kusikika, basi, mtu ametoa mti, mwingine ametoa ngozi, fundi amelipwa, mavazi yameshonwa, na vijana wamelishwa siku zote za mazoezi.

Gharama hizo zimekuwapo tangu enzi za wafalme, na kila zama ilikuwa na mlipaji wake. Mlipaji huyo ndiye aliyeamua ngoma ipigwe wapi, lini na kwa ajili ya nani. Mahali pazuri pa kuitazama historia hii ni Gitega, mkoa wa nyanda za juu katikati ya nchi, wenye maeneo kama Giheta, Makebuko, Bukirasazi na Itaba. Hapa ndipo penye Gishora, kilima mashuhuri kuliko vyote kwa ngoma, na hapa ndipo vikundi vya vijana vya leo vinapokutana na maswali yale yale ya fedha na uongozi yaliyowakuta babu zao.

Mlipaji wa kwanza anayefahamika vizuri ni Mwami, yaani mfalme. Katika ufalme wa Burundi, ngoma ilikuwa mali ya utawala, na hakuna mtu wa kawaida aliyejitengenezea akaipiga apendavyo. Juu ya zote ilikuwa Karyenda, ngoma takatifu ya ukoo wa kifalme, iliyotolewa hadharani wakati wa umuganuro tu, yaani sherehe ya kila mwaka ya kufungua msimu wa kupanda mtama. Rukinzo ilikuwa na kazi ya kila siku: ilimfuata Mwami safarini, ikatangaza kuamka kwake na kulala kwake. Chini ya hizo mbili kulikuwa na ngoma za patakatifu mbalimbali zilizotawanyika nchini, kama Gishora, Higiro na Makebuko, kila moja ikiwa na walinzi wake.

Walinzi hao waliitwa batimbo. Walitoka katika koo chache za Kihutu zilizorithishana kazi hiyo, baba kwa mwana, na nje ya koo hizo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ngoma. Watoto walianza wakiwa wadogo, wakitazama, wakibeba, wakijifunza hatua za kucheza kabla ya kukabidhiwa fimbo mbili za kupigia. Uongozi haukupigiwa kura. Mkubwa wa ukoo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ngoma, na mamlaka yake yalitoka pande mbili, kwa damu upande mmoja na kwa Mwami upande wa pili.

Malipo yao hayakuwa ya fedha, kwa kuwa fedha haikuwapo. Yalikuwa ya ardhi na ya msamaha. Batimbo waliishi kwenye ardhi iliyofungamanishwa na patakatifu pao, na walisamehewa kodi za mazao na kazi za shokoa zilizowabana majirani. Kwa upande wao waliwajibika kutunza ngoma zilizopo, kutengeneza mpya kwa ajili ya umuganuro, na kuzipeleka ikulu kwa kuzibeba kichwani huku wakizipiga njiani. Ukiutazama kwa macho ya mhasibu, huu ulikuwa mkataba wa wazi kuliko mingi iliyofuata. Kila upande ulijua unatoa nini na unapata nini, na aliyebeba ngoma alirudi nyumbani kwenye shamba ambalo halikudaiwa.

Gishora yenyewe ina historia ya vita. Ipo kilomita chache kaskazini mwa mji wa Gitega, na simulizi zinasema Mwami Mwezi Gisabo aliijenga baada ya kumshinda Ntibirangwa, chifu aliyemwasi. Mwezi alitawala tangu katikati ya karne ya 19 hadi kifo chake mwaka 1908, na utawala wake wote ulikuwa wa kupambana: na ndugu, na waasi, na wafanyabiashara ya utumwa waliotoka upande wa Ziwa Tanganyika, na mwishowe Wajerumani. Aliacha Gishora ngoma mbili takatifu. Moja ni Ruciteme, ambayo kwa ajili yake misitu hufyekwa. Nyingine ni Murimirwa, ambayo kwa ajili yake watu hulima. Majina hayo yanaeleza uchumi uliozisimamisha: kilimo cha raia, kazi ya mikono yao, na mavuno ya mtama.

Ng'ombe nao walikuwamo katika hesabu hiyo. Ng'ombe ndiye aliyekuwa hazina ya nchi. Ndiye aliyetolewa mahari, aliyetozwa kama faini, na aliyefunga uhusiano wa mkubwa na mdogo kupitia ubugabire, desturi ya kumkabidhi mtu ng'ombe naye akabaki na deni la utumishi na heshima. Wajerumani walilijua hilo. Walipomlazimisha Mwezi kusalimu amri kwa mkataba wa Kiganda wa Juni 6, 1903, hawakumtoza sarafu. Walimtoza ng'ombe 424. Ngozi iliyokazwa juu ya ngoma ilitoka katika mali hiyo hiyo iliyopima ukubwa wa mtu, na kutoa ngozi kwa ajili ya ngoma ya Mwami kulikuwa kutoa sehemu ya utajiri.

Mpango huo wa kale ulivunjika kidogo kidogo, bila siku moja ya kuvunjika. Wamisionari wa White Fathers walifungua misheni ya Mugera, si mbali na Gishora, mwaka 1899. Wajerumani walihamishia makao yao Gitega mwaka 1912, na Wabelgiji wakaichukua nchi mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwami Mwambutsa wa Nne alikuwa ametawazwa mwaka mmoja kabla, akiwa mtoto mdogo. Kanisa liliuona umuganuro kuwa ibada ya kipagani, na serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya sherehe iliyomthibitisha Mwami kila mwaka mbele ya watu wake. Ilipofika mwaka 1930 umuganuro ulikuwa umekoma kufanyika kwa taratibu zake za kifalme.

Kukoma kwa sherehe kulikuwa pia kukoma kwa malipo. Bila umuganuro hapakuwa na haja ya ngoma mpya kila mwaka, na bila haja hiyo sababu ya kuwasamehe batimbo kodi ilitoweka. Kodi ya kichwa ya kikoloni, iliyodaiwa kwa fedha taslimu, haikujali nani ni mlinzi wa nini. Wakati huo huo Wabelgiji walipunguza sana idadi ya machifu na kuunganisha himaya ndogo, wakawaondoa wengi waliokuwa wakishika madaraka. Batimbo wakabaki na heshima, wakapoteza riziki. Walioendelea, kama wale wa Gishora, waliendelea kwa sababu ukoo ulikataa kuacha, na huo ndio mlipaji wa pili katika historia hii: familia yenyewe, iliyojilipia kwa jasho lake.

Zikaja sherehe za aina nyingine. Ngoma ziliitwa kuwapokea wageni wa serikali na kupamba sikukuu. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilianzisha makumbusho mjini Gitega, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa, na vifaa vya enzi ya kifalme vikaanza kuwekwa nyuma ya kioo. Ngoma ilikuwa inageuka kuwa kitu cha kutazamwa. Aliyealika alilipa kwa siku hiyo, na kesho yake hakuwa na wajibu wowote.

Uhuru wa Julai 1, 1962 uliirudisha ngoma kwenye heshima ya juu kabisa. Bendera ya ufalme huru ilikuwa na Karyenda katikati, ndani ya duara jeupe. Heshima hiyo ilidumu miaka minne. Mwambutsa alipinduliwa na mwanawe Ntare wa Tano mwaka 1966, na Novemba 28 ya mwaka huo huo Michel Micombero akaufuta ufalme na kutangaza jamhuri. Ngoma iliondolewa kwenye bendera, pakawekwa mmea wa mtama, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu zinazoonekana hadi leo. Batimbo walibaki watumishi wa kiti ambacho hakikuwapo tena.

Jamhuri, hata hivyo, haikuzitupa ngoma. Ilizichukua. Sikukuu za taifa, mapokezi ya marais, ufunguzi wa barabara na viwanda, vyote viliitiwa ngoma, na wizara zilizoshughulikia vijana, michezo na utamaduni ndizo zilizoamua nani aende wapi. Hapa mlipaji wa tatu anajitokeza, naye ni serikali. Nafasi ya mkubwa wa ukoo ilianza kuingiliwa na afisa wa wizara, ambaye huenda hajawahi kushika fimbo ya ngoma lakini ndiye anayetia sahihi barua ya safari.

Safari zenyewe zilianza mapema. Wapiga ngoma wa Burundi walionekana katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya miaka ya 1964 na 1965. Baadaye walikwenda Ulaya mara nyingi, wakijulikana kama Les Tambourinaires du Burundi, na Gishora ikawa chimbuko la sifa hiyo chini ya wazee kama Antime Baranshakaje, aliyewaongoza batimbo wa kilima hicho kwa miaka mingi na ambaye jina lake bado hutajwa kwa heshima kote Gitega. Kwa kijana wa kilimani, safari ya namna hiyo ilikuwa zaidi ya posho. Ilimpa pasipoti, nguo na viatu, na simulizi ya maisha yote. Kwa hiyo swali la nani anaingia kwenye orodha ya kusafiri likawa swali gumu kuliko yote katika uongozi wa vikundi, na limebaki hivyo.

Sura moja ya kipindi hicho inastahili kuelezwa kwa urefu, maana inaonyesha jinsi sauti inavyoweza kuuzwa na wenye sauti wasipate kitu. Mwaka 1967 wataalamu wa Kifaransa walirekodi kundi la wapiga ngoma 25 katika kijiji cha Burundi. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1968 katika sahani ya santuri ya Ocora iitwayo Musique du Burundi, kazi ya kitaalamu iliyokusudiwa wasikilizaji wachache. Mwaka 1971 mwanamuziki Mike Steiphenson aliichukua sauti ile, akaiongezea gitaa na kinanda, ikatoka kama wimbo wa kibiashara kwa jina la Burundi Black. Uliingia katika chati za Uingereza na kufika nafasi ya 31. Jina lililoandikwa kwenye lebo lilikuwa Burundi Steiphenson Black. Wale 25 hawakutajwa. Mwaka 1975 mwanamuziki Joni Mitchell alitumia rekodi ya ngoma za Burundi katika wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1981 Burundi Black ilitolewa upya, wakati ambapo bendi za London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilikuwa zikiijenga midundo yao juu ya mfano huo huo na kuuza sana.

Wakosoaji wa muziki wa Magharibi waliandika tangu wakati huo kwamba wapigaji wa asili hawakugawiwa faida. Sababu si ngumu kuielewa. Sheria za hakimiliki za wakati ule zilimjua mtunzi mmoja mwenye jina na mwenye kampuni ya kurekodi. Hazikuujua ukoo wala kilima, na mdundo uliorithiwa haukuwa na sahihi ya mtu chini yake. Kikundi kisicho na uongozi ulioandikishwa, kisicho na akaunti, kisicho na karatasi hata moja, hakikuwa na mlango wa kudai. Hasara hiyo haijulikani sana hata Gitega kwenyewe.

Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walikuwa miongoni mwa waliofungua tamasha la kwanza la WOMAD, lililoandaliwa na mwanamuziki Peter Gabriel na wenzake huko Shepton Mallet, Uingereza. Walipiga katika jukwaa moja na bendi ya Echo and the Bunnymen, na waliokuwapo hawakusahau. Tamasha lenyewe lilipata hasara kubwa ya fedha, kiasi kwamba Gabriel alilazimika kuungana tena na bendi yake ya zamani, Genesis, kwa onyesho moja la Oktoba mwaka huo ili kulipa madeni. Ni vyema kukumbuka jambo hilo kila mara watu wa kilimani wanapodhani kwamba Ulaya kila onyesho ni faida. Waandaaji pia huanguka, na waandaaji wakianguka, msanii aliyetoka mbali asiye na mkataba ndiye wa mwisho kulipwa.

Sifa ya nje ilibadilisha mambo ndani. Vijana ambao hawakutoka katika koo za batimbo walitaka kupiga, na jamhuri, isiyotambua haki za kuzaliwa za enzi ya ufalme, haikuwa na sababu ya kuwazuia. Shule ziliunda vikundi, parokia nazo, na mitaa ya Bujumbura. Kilichokuwa urithi wa koo chache kikawa cha kila kilima. Ndipo aina ya nne ya mlipaji ilipozaliwa, nayo ni chama cha hiari, chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kinachoishi kwa michango ya wanachama na malipo ya arusi, upadrisho, mahafali na uzinduzi wa bidhaa.

Chama hicho kilikuwa kitu kipya kabisa katika historia ya ngoma, ingawa ndani ya mchezo wenyewe kulikuwa na mfano wa kale wa uongozi wa zamu. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoamuru. Ibishikizo huifuata na kuijibu, na amashakwe hushika mdundo usiokatika nyuma yao. Lakini mpigaji wa inkiranya habaki hapo. Huruka, hucheza, humaliza zamu yake, kisha mwingine huja katikati na wote humfuata huyo. Kwa dakika chache kila kijana huwa kiongozi, na kila kiongozi hurudi kwenye mstari. Kamati nyingi za vikundi hazijawahi kuufikia utaratibu huo. Mwenyekiti hukaa mpaka kikundi kigawanyike.

Kisheria, vyama vya namna hii viliingia chini ya sheria ya vyama visivyo vya faida ya Aprili 18, 1992, ambayo baadaye ilifuatwa na ile ya Januari 27, 2017. Chama hutakiwa kuwa na katiba, wanachama wanaojulikana, mkutano mkuu, kamati ya utendaji na usajili serikalini. Kwa kikundi cha mjini chenye mwanachama aliyesoma hadi chuo, hayo ni makaratasi ya kawaida. Kwa vijana wa kilima cha Itaba au Bukirasazi, ambao siku zao hupita shambani, ni safari ya mjini, nauli, mtu wa kuandika Kifaransa, na subira. Vikundi vingi vya vijijini vimeishi nje ya karatasi hizo, vikiongozwa na mzee mmoja anayeaminika na mfuko mmoja wa fedha anaoushika yeye.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 21, 1993, viliikuta hali hiyo dhaifu. Gitega haikusalimika, na Itaba ilipata msiba wake mkubwa Septemba 2002, askari wa jeshi la serikali walipowaua raia zaidi ya 170. Jeshi lenyewe lilikiri mauaji hayo. Mahali palipopitiwa na jambo kama hilo, kuwakusanya vijana wa kilima kizima kwenye uwanja mmoja, bila kuulizana nani ni nani, ni kazi ya uongozi isiyopimwa kwa faranga. Nusu duara ya ngoma ni moja ya mambo machache yaliyoweza kuwaweka Mhutu, Mtutsi na Mtwa bega kwa bega wakihitajiana, kwa kuwa pengo la mmoja husikika mara moja.

Vita viliwasukuma Warundi nje pia, kama yalivyofanya mauaji ya 1972 kabla yake, na ngoma ziliwafuata. Zimesikika katika makambi na makazi ya wakimbizi Tanzania, na katika kambi ya Dzaleka, Malawi, wapiga ngoma wa Burundi wamekuwa kivutio cha tamasha la Tumaini tangu lilipoanza mwaka 2014. Uhamishoni hakuna Mwami, hakuna wizara na hakuna ukoo uliokamilika. Hapo chama ndicho kila kitu, na vijana hujifunza upesi kuandika bajeti kwa ajili ya wafadhili.

Novemba 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi, pamoja na uchezaji wake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Serikali ilikuwa imeomba, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Orodha hiyo hailipi mtu mshahara. Inachotoa ni jina, na jina lina thamani kwa yule anayejua kulitumia. Aliyelitumia kwanza ni serikali yenyewe. Mnamo Oktoba 20, 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia sahihi amri iliyobadilisha uendeshaji wa ngoma kuliko kitu chochote tangu 1966. Vikundi vyote vilitakiwa kusajiliwa katika wizara ya utamaduni. Onyesho lolote nje ya sherehe rasmi lilihitaji kibali, na kila onyesho la namna hiyo lililipiwa faranga 500,000 kwenye hazina ya serikali. Wanawake walikatazwa kupiga ngoma.

Kiasi hicho, kwa viwango vya mwaka ule, kilikuwa kama dola 280 za Marekani, karibu sawa na pato la wastani la Mrundi mmoja kwa mwaka mzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda heshima ya urithi usigeuzwe kiburudisho cha kila arusi, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mtu aliyeziona ngoma za Ruciteme na Murimirwa zikilindwa vizazi na vizazi hawezi kufurahia kuona nakala zake zikipigwa kutangaza sabuni. Lakini njia iliyochaguliwa iligeuza mkataba wa kale wa Mwami na batimbo juu chini. Mwami aliwasamehe kodi waliopiga ngoma; amri ya 2017 iliwatoza kwa kuzipiga. Kampuni kubwa au hoteli ya Bujumbura inaweza kulipa na kupandisha bei ya kiingilio. Kikundi cha kilimani kinachoalikwa kwenye arusi ya jirani kwa kreti za bia na tuzo za wageni hakiwezi, na matokeo yake ni kuchagua kati ya kunyamaza na kupiga kwa kujificha.

Katazo la wanawake nalo lina historia ndefu kuliko maelezo ya amri. Ni kweli kwamba katika patakatifu pa zamani wapigaji walikuwa wanaume. Ni kweli pia kwamba Karyenda ilikuwa na mwanamke wake, aliyeitwa Mukakaryenda, mtunzaji aliyeishi kwa kujitolea kwa ngoma hiyo na kuheshimiwa ikulu. Ngoma yenyewe hutazamwa kama mama, na sehemu zake huitwa kwa majina ya mwili wake: vigingi ni matiti, na ngozi ya juu hulinganishwa na ile ambayo mama humbebea mtoto mgongoni. Mila iliyompa mwanamke nafasi ya namna hiyo ni pana kuliko katazo.

Nchi jirani imetoa jibu lake. Huko Huye, kusini mwa Rwanda, ambako pia ngoma ilikuwa ya wanaume, Odile Gakire Katese aliunda mwaka 2004 kundi la wanawake, Ingoma Nshya, likiwaunganisha wajane na mayatima wa mauaji ya 1994 na wanawake kutoka familia za wafungwa. Kundi hilo halikutegemea ngoma peke yake. Mwaka 2010 wanachama wake walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, kwa msaada wa wafanyabiashara wa Brooklyn, ili wapate kipato siku ambazo hakuna mwaliko. Filamu ya mwaka 2012 iitwayo Sweet Dreams iliisambaza habari yao. Mradi wa biashara ulio pembeni ya sanaa, unaomilikiwa na wanachama wenyewe, ni jambo ambalo vikundi vya Gitega, vyenye mashamba na mifugo karibu, vingeweza kulifanya kwa njia zao: ng'ombe wa maziwa wa kikundi, kitalu cha miche ya umuvugangoma ambao unazidi kuwa adimu, au karakana ya ngoma ndogo za kuuzia wageni.

Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi. Wageni wa serikali, mabalozi na watalii wanaweza kufika mlangoni pa Gishora kwa urahisi kuliko zamani, na fedha inaweza kuzunguka mkoani bila kupitia Bujumbura kwanza. Vikundi vya maeneo ya pembezoni kama Itaba, iliyo kusini-mashariki, vitafaidika ikiwa tu vitakuwa na mambo mawili ambayo historia imeonyesha kuwa hayana mbadala. La kwanza ni karatasi: usajili, majina ya wanachama, na mkataba wa kila mwaliko unaosema nani analipa, lini na nani anamiliki rekodi. La pili ni hesabu inayosomwa kwa sauti mbele ya wapigaji wote, kuanzia mwenyekiti hadi kijana aliyeingia jana. Migogoro mingi iliyovunja vikundi ilianza na fedha iliyoonwa na watu wawili na kuzungumzwa na ishirini.

Upande wa serikali, marekebisho yanayohitajika si makubwa. Ada itozwe kwa kampuni na mahoteli yanayouza kiingilio, na vikundi vya vijana vya vilimani visamehewe, kama Mwami alivyowasamehe batimbo. Sehemu ya fedha inayokusanywa irudi kwenye vilima kununua ngozi na kupanda miti. Na wasichana wa Gitega wanaotaka kujifunza inkiranya waruhusiwe kuingia kwenye nusu duara.